Gramu Kumi na Nne za Kalsiamu: Kisa cha Mtoto wa Mbwa Mwenye Nyonga Zilizolegea

Bosi aliletwa kwangu akiwa na umri wa miezi mitano na nusu. Ni dume wa German Shepherd, na siku hiyo mizani ilisoma kilo 26. Maelezo ya mama mwenye mbwa yalikuwa mafupi: kila anapoamka huchechemea mguu wa nyuma wa kushoto, na akikimbia huitupa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Mama huyo alikuwa ameshaamua kwamba tatizo ni chakula. Alichotaka kwangu ni kuthibitishiwa gunia aliloonyeshwa dukani, chakula maalumu cha viungo chenye picha ya mbwa anayeruka kizuizi, ambacho bei yake ilimfanya asite na kuja kuuliza kwanza. "Daktari," aliniambia, "huyu anakula vizuri kuliko sisi nyumbani. Sasa mifupa yake inakosa nini?"

Kabla ya kugusa suala la chakula ilibidi nijiridhishe na mguu wenyewe, kwa kuwa katika mazingira yetu mbwa kijana anayechechemea anaweza kuwa na mambo kadhaa ambayo hayaponywi na bakuli. La kwanza ni homa ya kupe. Vimelea vya Ehrlichia, vinavyoenezwa na kupe wa mbwa wa kahawia, huweza kuleta maumivu ya viungo na kuchechemea, na nimewahi kuona mbwa aliyebadilishiwa vyakula vitatu mfululizo ilhali alichohitaji ni dawa ya kupe na antibiotiki ya doksisaiklini. Joto la Bosi lilikuwa la kawaida na kipimo cha damu hakikuonyesha dalili hizo. La pili ni panosteitisi, maumivu ya ndani ya mifupa mirefu ambayo German Shepherd wachanga huyapata sana, yanayohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine na hatimaye kuisha yenyewe. Lakini nilipoibonyeza mifupa yake mmoja mmoja hakushtuka. Viwiko vilikunjika na kunyooka bila shida. Kilichobaki ni nyonga. Baada ya kumpa dawa ya usingizi nilikisikia kichwa cha mfupa wa paja kikichomoka kwenye kikombe chake na kurudi kwa mshindo mdogo chini ya kiganja, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia, na picha ya eksirei ikaonyesha vikombe vyenye kina kifupi ambavyo havikufunika vichwa vya mapaja kama inavyotakiwa. Huo ni ulegevu wa nyonga, displasia kwa jina la kitabibu.

Upasuaji tuliuzungumzia kwa ufupi. Ule mdogo wa kuziba mapema kiungio cha mbele cha fupanyonga, ili vikombe vikue kwa kuelemea juu ya vichwa vya mapaja, hufanywa kabla ya miezi mitano, na Bosi alikuwa ameshaupita umri huo. Ule wa kukata na kugeuza mfupa wa nyonga ni wa gharama kubwa na unahitaji mtaalamu wa mifupa. Mama alisema hataumudu, nami sikumsukuma. Tukarudi kwenye swali alilokuja nalo.

Nilimwomba anieleze kila kilichoingia kinywani mwa Bosi tangu asubuhi hadi usiku, na nikamsihi asiniambie anachodhani napenda kusikia. Asubuhi hupewa nusu lita ya maziwa ya ng'ombe. Mchana na jioni hupewa chakula kikavu cha punje ambacho hununuliwa kwa kupimiwa kilo kilo kutoka gunia lililofunguliwa, kopo moja kubwa kila mara. Tulipolipima kopo hilo baadaye, jumla ya siku ilikuwa gramu 450. Usiku huongezewa ugali wa dona, unga wa kama gramu 100, uliochanganywa na mchuzi. Na juu ya mlo wa jioni hunyunyiziwa vijiko viwili vya mezani vya DCP (dikalsiamu fosfeti), ule unga mweupe wa kalsiamu na fosforasi ambao wafugaji wa kuku huununua kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mama huyo anafuga kuku wa mayai pembezoni mwa Dar es Salaam, hivyo unga haukumgharimu safari: upo bandani muda wote.

Nilipouliza kwa nini DCP, jibu halikuwa mifupa. Lilikuwa masikio. Aliyemuuzia mbwa alimwambia kwamba German Shepherd asiyepewa kalsiamu masikio yake hayasimami, na kwa kuwa ya Bosi yalikuwa bado yanalala akiwa na miezi mitatu, alianza kijiko kimoja, kisha viwili. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi huuliza habari za masikio kabla sijaulizwa habari za miguu. Sikio la mbwa husimamishwa na gegedu na misuli, wala halina mfupa wa kuimarishwa kwa madini, na kwa watoto wengi wa aina hii husimama lenyewe, wakati mwingine likaanguka tena siku za kuota meno, kisha likasimama moja kwa moja. Masikio ya Bosi yalisimama alipofika miezi minne na nusu, na bila shaka DCP ikapata sifa yote.

Tukakaa kupiga hesabu. Kwa mbwa, nishati ya msingi ya kuishi kwa siku hukadiriwa kwa kuchukua uzito wake kwa kilo, kuupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70; mtoto aliyepita miezi minne hupewa takribani mara mbili ya kiasi hicho. Sikutumia kilo 26, kwa sababu nusu ya tatizo ilikuwa humo. Mbavu za Bosi nilizipata kwa kuzitafuta chini ya tabaka la mafuta, na ukimtazama kutoka juu hakuwa na kiuno. Katika kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 9 nilimpa 7, wakati mbwa wa umbo kubwa anayekua anafaa abaki karibu na 4. Uzito uliomfaa kwa umri na kimo chake niliukadiria kuwa kilo 23, ambao unatoa nishati ya msingi ya kilokalori 735, na mara mbili yake ni 1,470 kwa siku.

Bakuli lake lilikuwa na nini? Punje gramu 450 za aina ile zina kama kilokalori 1,700. Unga wa dona unaongeza 360, na maziwa 320. Jumla inakaribia 2,400, kabla ya mifupa na ngozi za kuku anazorushiwa na watoto. Alikuwa anakula zaidi ya mara moja na nusu ya mahitaji yake, na kila mtu pale nyumbani alikuwa anajivunia jinsi anavyokua haraka.

Kalsiamu ilikuwa mbaya zaidi. Mama alirudi dukani akapiga picha ya gunia lenyewe. Kiasi cha chini kilichoandikwa kilikuwa asilimia 1.4, hivyo gramu 450 zilimpa gramu 6.3 au zaidi. Nasema au zaidi kwa sababu kampuni hiyo, kama zilivyo nyingi zinazofuata utaratibu wa Marekani, iliandika kiwango cha chini tu. Vijiko viwili vya DCP ni kama gramu 30, na DCP ina kalsiamu ya takribani asilimia 23: hizo ni karibu gramu 7 nyingine. Maziwa yaliongeza nusu gramu na ushei. Tunapata karibu gramu 14 kwa siku. Mtoto wa mbwa anahitaji gramu 3 kwa kila kilokalori 1,000, na kwa wale wa umbo kubwa kikomo cha juu ni gramu 4.5. Kwa Bosi mahitaji yalikuwa gramu 4.4 na kikomo kilikuwa 6.6. Chakula cha dukani peke yake, bila kuongezewa chochote, kilikuwa tayari kimekaribia kikomo hicho.

Mtu aliyesoma kidogo kuhusu lishe anaweza kuuliza hapa juu ya uwiano wa kalsiamu na fosforasi, kwa kuwa DCP ina fosforasi pia, na kwa hesabu ya uwiano peke yake mlo wa Bosi usingeonekana wa kutisha. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Uwiano mzuri haufuti wingi. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi unachokinyonya, lakini mtoto wa mbwa katika miezi yake ya mwanzo hana uwezo huo kwa ukamilifu. Sehemu kubwa ya anacholishwa huingia mwilini atake asitake. Hazewinkel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walilionyesha hili kwa watoto wa Great Dane katika miaka ya 1980: waliolishwa kalsiamu ya kupita kiasi walipata hitilafu pale ambapo gegedu hugeuka kuwa mfupa, na mifupa yao ikachelewa kujirekebisha umbo. Mfupa wa mtoto haukui kwa kurefuka tu; sehemu zilizokwisha kutumika hubomolewa na kujengwa upya muda wote ili kikombe na kichwa cha paja vifuatane kwa umbo. Kalsiamu ikifurika, kazi ya kubomoa huzubaa.

Ni lazima niseme pia ambacho chakula hakikufanya. Nyonga hulegea kwanza kwa urithi, na German Shepherd ni miongoni mwa aina zinazosumbuliwa sana. Sina namna ya kuthibitisha kwamba Bosi angekuwa na nyonga timamu endapo asingepewa DCP, na nilimwambia mama hivyo waziwazi, kwa sababu alikuwa ameanza kujilaumu. Lakini urithi huweka uwezekano, na uzito huamua kwa sehemu kubwa uwezekano huo utafika wapi. Ushahidi ulio wazi zaidi ninaoujua ni wa Kealy na wenzake, uliochapishwa mwaka 1992. Walichukua watoto 48 wa Labrador, wakawapanga wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akala apendavyo na mwenzake akapewa robo tatu ya kile alichokula ndugu yake. Chakula kilikuwa kilekile. Walipofika miaka miwili, katika 24 waliokula watakavyo, 16 walikuwa na displasia ya nyonga. Katika 24 waliopunguziwa, walikuwa 7. Mbwa hao walifuatiliwa hadi mwisho wa maisha yao, na waliolishwa kwa kipimo waliishi karibu miaka miwili zaidi. Huwa nawasimulia wateja utafiti huu mara nyingi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa haukuhitaji gunia la gharama. Ulihitaji mtu wa kusema imetosha.

Sasa tulikuwa na njia nne mezani.

Gunia la viungo la dukani nililiondoa kwanza, na hili lilimshangaza mama. Vyakula vingi vya aina hiyo vimepangwa kwa mbwa mzima mwenye baridi yabisi: vina mafuta ya samaki ya kutosha, glukosamini, na nishati iliyopunguzwa, lakini havikupimwa kwa mahitaji ya mwili unaokua. Nilimwonyesha mahali pa kusoma, yale maandishi madogo yanayotaja chakula kimekusudiwa umri gani. Gunia lile lilisema ni la kumtunza mbwa mzima. Kwa Bosi wa miezi mitano lilikuwa chakula cha baba yake.

Kubaki na punje zilezile, bila DCP na kwa kiasi kidogo, kulikuwa na mvuto kwa sababu ya bei. Lakini picha aliyoipiga ilikuwa na jambo ambalo hakuliona, na asingeliona kamwe kwa kununua kwa kupimiwa: chini ya gunia iliandikwa kwamba chakula hicho kinafaa hatua zote za maisha isipokuwa ukuaji wa mbwa wakubwa, yaani wale watakaofika kilo 32 au zaidi wakikomaa. Dume la German Shepherd linafika huko kwa urahisi. Duka linapouza chakula kutoka gunia lililo wazi, mnunuzi anapata bei nafuu na kupoteza maneno yote yaliyoandikwa, na kwa mbwa wengi hasara hiyo haionekani. Kwa huyu ilionekana.

Njia ya tatu ilikuwa kupika nyumbani, na mama aliipenda. Sikuipinga kwa dharau. Mbwa wengi wa nchi hii wamelelewa kwa ugali na dagaa na wakawa wazima. Lakini wengi wao ni mbwa wa kienyeji wenye kilo 15 au 18, wanaokua taratibu na wenye mwili mwepesi, na kosa dogo la madini haliwaangushi. Kwa mtoto wa umbo kubwa mwenye nyonga zilizokwisha kulegea, nyama na ugali bila mifupa humletea kalsiamu haba mno dhidi ya fosforasi, hata mwili ukalazimika kuichota kutoka kwenye mifupa yenyewe. Akiongezewa dagaa wakavu, ambao huliwa na mifupa yao, hesabu hupanda ghafla upande wa pili, tena kwa kiasi kinachobadilika kila fungu. Inawezekana kupika kwa usahihi kwa kupima kila kitu kwa gramu kila siku. Nilimuuliza nani angeipima siku ambazo yeye hayupo. Alicheka, tukaendelea.

Tulichochagua ni chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa umbo kubwa, kinachonunuliwa kwenye gunia lililofungwa, chenye kalsiamu isiyopita asilimia 1.3 ya chakula kikavu na maneno yanayosema kinafaa ukuaji wa mbwa wakubwa. Bei yake kwa kilo ilikuwa juu, ila gramu 365 zilitosha pale alipokuwa anakula 450 pamoja na ugali na maziwa, na tofauti ya gharama kwa mwezi ikawa ndogo kuliko alivyohofia. Gramu hizo zinapimwa kwa mizani ya jikoni. Kopo lilistaafishwa, maana kopo moja hujazwa kwa mikono tofauti na watu tofauti, na mkono wa mtoto anayempenda mbwa ni mzito. Sehemu ya kumi ya nishati tuliiacha kwa vitu vya nyumbani: boga au karoti iliyochemshwa, na mara tatu kwa wiki kipande cha kibua aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba, kwa ajili ya mafuta ya omega-3 ambayo husaidia kupunguza uvimbe wa viungo. Anayeishi pwani ana bahati katika hili. Mafuta ya ini la samaki ya chupa niliyakataza, kwa sababu huja na vitamini A na D kwa wingi, na mtoto huyu alikuwa ameshazidishiwa vya kutosha.

Palikuwa na imani mbili za kuondoa. Mama alikuwa anamtoa Bosi nje asubuhi aote jua kama mtoto mchanga wa binadamu, ili apate vitamini D. Kutembea asubuhi ni kuzuri, ila ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kumtosha. Anaipata kwenye chakula, na chakula kamili kinayo. Ya pili ilikuwa kwamba protini ya nyama huunguza viungo, hivyo mbwa mgonjwa apewe ugali zaidi. Utrecht waliijaribu hoja hiyo pia kwa watoto wa Great Dane, kwa vyakula vyenye protini ya asilimia 14.6, 23.1 na 31.6, na mifupa haikudhurika kwa ile ya juu. Ugali zaidi ungempa mafuta zaidi ya mwilini, basi.

Nilimpa dawa ya maumivu ya mbwa kwa wiki mbili, na nikamwonya kuhusu diklofenaki, kwa sababu jirani alikuwa ameshampendekezea; dawa hiyo ya binadamu inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Sebule yenye vigae iliwekwa mazulia ya zamani pale anapopita. Matembezi yakawa mafupi ya mara kwa mara, na jioni za Jumamosi hupelekwa baharini kuogelea, kazi inayomjengea misuli ya mapaja bila uzito kuangukia nyonga.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu kwa watu kuliko kwa mbwa. Bosi alisimama mlangoni mwa jiko na kulia, na mara mbili mizani ilifichua kwamba kuna aliyeshindwa kuvumilia. Baada ya hapo alishuka hadi kilo 25.4, akiwa bado anarefuka, na kiuno kikaanza kuonekana. Akiwa na miezi saba alikuwa kilo 26.5; miezi tisa, kilo 28.5. Kila mwezi tulirudia hesabu, kwa kuwa mahitaji ya mbwa anayekua hushuka kadiri anavyokaribia kukomaa, na kipimo cha mwezi uliopita humnenepesha mwezi huu. Kuchechemea kulipungua katika wiki ya tano na kukabaki kwa asubuhi za baridi au siku aliyocheza kupita kiasi. DCP ilirudi bandani kwa wenyewe. Kuku anayetaga anaihitaji kweli.

Picha ya eksirei ya miezi 12 haikuwa ya kusherehekea. Nyonga ya kulia ilikuwa imetulia vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini ya kushoto ilikuwa bado imelegea, na pembeni mwa shingo ya paja palianza kuonekana mstari wa mfupa mpya, dalili ya mwanzo ya baridi yabisi. Bosi hatazalishwa, na mama amekubali ahasiwe, jambo litakaloshusha tena mahitaji yake ya nishati na kutulazimisha kupima upya. Ana kilo 31 na anapanda ngazi bila kusita. Akitimiza miezi 15 tutambadilishia chakula kwenda cha mbwa mzima, na nimemwambia mama kwamba siku hiyo lile gunia lenye picha ya mbwa anayeruka kizuizi, ambalo nililikataa siku ya kwanza, ndilo tutakaloanza kulijadili.